Mfuko wa mbegu za viazi utaje kipimo, usiishie kusema "zimepimwa"

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumzie neno moja ambalo siku hizi huandikwa kwa wino mzito kwenye mifuko ya mbegu za viazi mviringo inayouzwa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, nalo ni neno "zimepimwa". Kabla ya kustaafu na kurudi shambani nilikuwa fundi sanifu wa maabara, kwa hiyo neno hilo linanigusa mara mbili, kama mtu aliyewahi kupima na kama mkulima anayenunua. Gazeti lako limeandika mara nyingi kuhusu bei ya viazi, lumbesa na ubovu wa barabara za vijijini, lakini sikumbuki kusoma humo swali ambalo mnunuzi wa mbegu angepaswa kuliuliza kabla ya kufungua mkoba: zimepimwa ugonjwa gani, kwa njia gani, na ni viazi vingapi vilivyochukuliwa?

Umuhimu wa swali hilo niliujua kwa hasara. Misimu michache iliyopita nilinunua mbegu kwa mfanyabiashara ambaye sitamtaja, kwa kuwa sina ushahidi kwamba alinidanganya. Zilikuwa mbegu nzuri kwa macho, zenye chipukizi fupi na nene, zimetoka milimani kwenye baridi, na aliniambatanishia nakala ya cheti cha maabara chenye mhuri. Nilizipanda katika kipande cha ardhi kilichokuwa nyasi kwa miaka mingi, ambacho hakikuwahi kuona kiazi, nyanya wala bilinganya. Kufikia wiki ya nane hivi, mimea mmoja mmoja ilianza kulegea saa za mchana ilhali udongo ulikuwa na unyevu wa kutosha. Jioni ikainuka, kesho yake ikalegea tena, na baada ya siku chache haikuinuka. Nilikata kipande cha shina karibu na ardhi, nikakining'iniza katika glasi ya maji safi, na kabla sijamaliza kunawa mikono nyuzi nyeupe kama za maziwa zilikuwa zinashuka kutoka kwenye jeraha la shina. Viazi nilivyochimbua vilikuwa na udongo ulioganda kwenye macho, na nilipovikata pete ya ndani ilikuwa ya kahawia na ikitoa usaha. Ulikuwa mnyauko bakteria, na ulikuja ndani ya mbegu.

Jioni hiyo nilikitoa kile cheti nikakisoma kwa utulivu, jambo ambalo mimi, kwa kazi niliyoifanya, nilipaswa kulifanya kabla ya kulipa. Kilikuwa cheti halali, na kila kilichoandikwa humo kilikuwa kweli: majani ya shamba la mbegu yalipimwa kwa njia ya ELISA, yakaonekana hayana virusi vya kukunja majani, virusi Y wala virusi X. Maabara ilijibu swali ililoulizwa. Swali la bakteria hakuna aliyeliuliza.

Ndiyo maana naona wananchi wanastahili kuelezwa vipimo hivi hufanya kazi vipi, kwa sababu hakuna hata kimoja kinachopima "ugonjwa" kwa ujumla. ELISA, ambayo ilianza kutumika kwa virusi vya mimea katika sahani zenye vishimo 96 baada ya kazi ya Clark na Adams iliyochapishwa mwaka 1977, hutegemea kingamwili zinazotengenezwa mahususi kwa ajili ya kimelea kimoja. Kingamwili hizo hugandishwa kwenye kishimo, utomvu wa jani lililosagwa humiminwa, na kama virusi husika vimo, hunaswa. Kisha huongezwa kingamwili nyingine iliyofungamanishwa na kimeng'enya, na mwishoni dawa ambayo kimeng'enya hicho huigeuza kuwa ya manjano. Kati ya hatua moja na nyingine sahani huoshwa mara kadhaa, na asiyeosha vizuri atapata manjano hata pasipo na virusi. Kingamwili ya virusi Y haimtambui bakteria wa mnyauko kwa namna yoyote, kama vile kipimo cha haraka cha malaria kisivyoweza kumwambia mgonjwa kama ana homa ya matumbo. Mgonjwa akiambiwa zahanati kwamba "hana kitu" baada ya kipimo kimoja cha malaria, sote tunajua kwamba neno hilo limepita mipaka ya kipimo. Kwenye viazi tumekubali lipite.

Hata kwa virusi vyenyewe, wakati na sehemu iliyopimwa ni jambo la kuandikwa. Kiazi kilichovunwa karibuni na ambacho bado kimelala huwa na virusi vichache, hasa vile vya kukunja majani, kiasi kwamba ELISA inaweza kuvikosa. Kwa sababu hiyo maabara makini hukata jicho la kiazi, hulipanda hadi litoe majani, ndipo hupima majani hayo. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Tena majani yaliyopimwa shambani mapema hayasemi lolote kuhusu vidukari waliokuja baadaye na kusambaza virusi kabla ya mavuno. Kipimo kikifanywa haraka kwa ajili ya kuwahi soko, tarehe yake inapaswa kuonekana.

Sasa nirudi kwenye bakteria, maana hapa ndipo wakulima wa mkoa wangu wanapoumia. Bakteria wa mnyauko, Ralstonia solanacearum, anapenda joto, na katika maeneo ya juu yenye baridi kama uwanda wa Kitulo anaweza kuishi ndani ya kiazi bila mmea kuonyesha dalili yoyote. Mkaguzi wa mbegu anaweza kutembea tuta kwa tuta, akiwa mwaminifu na mwenye macho mazuri, na asione mmea hata mmoja ulionyauka. Mbegu hizo zikiteremshwa kwenda mahali penye joto zaidi, Lushoto kwa mfano au pembezoni mwa bonde la Usangu, bakteria huamka. Kwa hiyo ile sifa tunayoipa mbegu ya milimani kwamba ni safi kwa kuwa imetoka kwenye baridi ina upande wake wa pili: baridi hupunguza vidukari na hivyo virusi, ni kweli, lakini baridi hiyo hiyo humficha bakteria. Baba zetu walikuwa na haki ya kuifuata sifa hiyo kwa sababu hawakuwa na njia nyingine ya kujua. Sisi tunayo.

Njia zenyewe ni kadhaa na hazina uwezo sawa. Glasi ya maji niliyoitaja ni ya kila mkulima na haigharimu kitu, ila hufaa tu pale mmea umekwisha kunyauka, na faida yake kubwa ni kutofautisha mnyauko huu na ule wa fangasi au wa shina lililokatwa na wadudu. Kuna vijiti vya kupimia vinavyofanana na kipimo cha haraka cha malaria, ambavyo huonyesha mistari kwa dakika chache. Navyo ni vizuri shambani kwa mmea wenye dalili, lakini huhitaji bakteria wengi, kwa kawaida laki moja au zaidi katika kila mililita ya utomvu, na kiazi kilichobeba ugonjwa kwa siri mara nyingi hakifikii kiwango hicho. Nimesikia wauzaji wakivisifu kwamba "vinatoa majibu palepale". Vinatoa, ila jibu la "hakuna" kutoka kwenye kijiti, kwa kiazi kisicho na dalili, si jibu la kumuuzia mtu mbegu.

Ili kuugundua ugonjwa uliojificha, njia ni kuwazidisha bakteria wa sampuli kwanza. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao yake Lima nchini Peru, kilitengeneza njia ambayo naiona inatufaa kuliko zote. Vipande vidogo hukatwa kwenye kitovu cha kila kiazi, yaani pale kilipoungana na mmea mama, kwa kuwa bakteria huingilia hapo. Vipande husagwa pamoja, na maji yake huwekwa katika mchuzi wa kuoteshea wenye dawa zinazowazuia bakteria wengine, kwa saa 48 katika joto la nyuzi 30. Tone la mchuzi huo hudondoshwa kwenye utando wa nitroselulosi, kisha kingamwili na rangi huongezwa kama katika ELISA, na tone lenye bakteria hugeuka zambarau. Kwa njia hiyo bakteria 10 tu katika mililita moja ya utomvu wanaweza kuonekana. Jambo linalonivutia ni kwamba hakuna mashine ya kusomea: jicho linatosha, mradi pembeni pawepo tone la sampuli inayojulikana kuwa na ugonjwa na tone la sampuli inayojulikana kuwa safi, ili kulinganisha. Kinachohitajika ni kabati la kutunza joto, jokofu la kutunzia kingamwili, maji yaliyochujwa na mtu aliyefundishwa akafundishika.

PCR tuliisikia wote wakati wa UVIKO-19, na kwenye viazi hufanya kazi ileile ya kurudufu kipande cha vinasaba vya kimelea. Kwa kila mzunguko wa kupasha na kupoza nakala huongezeka maradufu, na mizunguko 30 kinadharia huzaa zaidi ya nakala bilioni moja kutoka kwenye moja. Ni kipimo chenye nguvu, na kwa virusi huweza kusoma kiazi kilicholala bila kungoja chipukizi. Lakini nguvu hiyo ndiyo taabu yake. Chembe ya sampuli ya jana iliyobaki kwenye pipeti inaweza kuifanya sampuli safi ya leo ionekane na ugonjwa, ndiyo maana maabara inayojiheshimu hutenga chumba cha kuandalia na chumba cha kurudufia, na mtu aliyeingia cha pili harudi cha kwanza na koti lilelile. Wanga na kemikali za kiazi huweza kuzima mmenyuko ukapata "hakuna" ya uongo. Tena PCR haiulizi kama bakteria yu hai. Vinasaba vya mfu huhesabiwa vilevile. Kwa hiyo jibu la PCR lenye uzito mkubwa, mathalani la kuteketeza shehena ya mtu, huthibitishwa kwa kumwotesha bakteria kwenye sahani, na kisha kuidunga miche ya nyanya bakteria huyo na kusubiri wiki kadhaa kuona kama itanyauka. Nyanya hazina haraka, na mwenye shehena hupiga simu kila siku.

Kuna pia njia iitwayo LAMP, iliyotangazwa na watafiti wa Japani mwaka 2000, ambayo hurudufu vinasaba katika joto moja la nyuzi 60 hadi 65 bila kupanda na kushuka, kiasi kwamba chombo chake kinaweza kuendeshwa kwa betri. Ninaitazama kwa matumaini kwa ajili ya wilaya ambazo umeme wake sote tunaujua.

Lakini hata tukiwa na mashine za bei mbaya kuliko zote, swali la tatu linabaki, la idadi, na ndilo linalonisumbua zaidi kwa sababu halina gharama ya kulijibu na bado halijibiwi. Tuseme katika kila viazi 1,000 vya mbegu, 15 vina bakteria. Maabara ikichukua viazi 20, hesabu ya kawaida ya bahati nasibu inaonyesha kwamba katika kila mara 100 za kufanya hivyo, mara 74 haitagusa kiazi kigonjwa hata kimoja, na cheti kitatoka safi. Ikichukua viazi 200, itakikosa mara 5 tu, na ndiyo sababu nchi za Ulaya zinapima viazi 200 kwa kila shehena. Sasa fikiria ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30: huchukua karibu viazi 18,000, na 15 kwa kila 1,000 ni mimea 270 migonjwa iliyotawanyika kila pembe, kila mmoja ukimwaga bakteria kwenye maji ya mvua yanayoteremka kwa jirani. Mbegu hizo zingeweza kuwa na cheti cha viazi 20, na hakuna mtu angekuwa amesema uongo.

Kwa ajili hiyo fundi wa kweli haandiki "hakuna ugonjwa". Huandika kwamba bakteria hakuonekana katika viazi kadhaa vilivyopimwa kwa njia fulani. Sentensi hiyo ni ndefu na haipendezi kwenye mfuko, najua.

Magonjwa mengine nitayapitia kwa ufupi. Bakajani chelewa, ule ukungu ulioangamiza viazi vya Ayalandi kuanzia mwaka 1845, hauhitaji maabara kutambuliwa; weka jani lenye baka kwenye chombo chenye unyevu usiku kucha na asubuhi utaona utando mweupe upande wa chini. Maabara inahitajika kujua ni ukoo gani wa kimelea ulioko, maana katika Kenya ukoo wa zamani uitwao US-1 ulikwisha kusukumwa kando na mwingine uitwao 2_A1, na ukoo ukibadilika, dawa na aina za viazi tulizozizoea zinaweza kutotenda kama zamani. Minyoo ya vifuko, inayoshambulia mizizi ya viazi na ambayo iliripotiwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2015, haipimwi kwenye kiazi kwanza bali kwenye udongo: udongo hukaushwa, huoshwa, na vifuko vidogo kama kichwa cha pini huelea juu vikahesabiwa kwa darubini, kila kimoja kikiwa na mayai mamia yanayoweza kukaa ardhini miaka 20 na zaidi. Na kiko kijidudu kiitwacho viroidi ya kiazi pia, ambacho hakina hata gamba la protini, hivyo ELISA haiwezi kukiona kamwe, kwa kuwa hakuna cha kingamwili kukishika. Narudia hoja ileile kwa mfano huu: cheti cha ELISA kinaweza kuwa safi kabisa na viroidi ikawamo.

Ombi langu kwa Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu (TOSCI) na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) ni dogo kuliko urefu wa barua hii. Kila mfuko wa mbegu za viazi unaodai kupimwa, ziwe mbegu zilizothibitishwa au za daraja la kuazimiwa ubora (zinazozalishwa na wakulima kwa ukaguzi mwepesi zaidi), uandikwe magonjwa yaliyopimwa kwa majina yanayoeleweka na mkulima, njia iliyotumika, idadi ya viazi vilivyochukuliwa na tarehe. Na asiyepima mnyauko bakteria aandike wazi kwamba hakupima. Wauzaji watalalamika kwamba mkulima haelewi mambo hayo, lakini mkulima huyo huyo anasoma tarehe ya mwisho kwenye chupa ya dawa ya ukungu na anaikataa iliyopitwa na wakati. Atajifunza na hili.

Kuhusu gharama, ninakiri kwamba kingamwili na kemikali nyingi huagizwa nje, hutaka baridi njiani, na zikikwama bandarini huharibika. Sipendekezi basi kila wilaya ijengewe maabara ya PCR, ambayo baada ya miaka miwili itakuwa stoo ya viti vibovu. Napendekeza kipimo cha utando kianzishwe karibu na wazalishaji wa mbegu, katika Makete na Njombe, chini ya usimamizi wa watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, na sampuli zenye utata ndizo zipelekwe kwenye maabara kubwa. Kipimo kifanyike baada ya mavuno na kabla ya mbegu kuondoka mlimani, kwa sababu zikishashuka na kugawanywa magunia kwa magunia katika masoko, hakuna atakayeweza kuzirudisha.

Wapo watakaosema kwamba kutoa viazi 200 kwa ajili ya kukatwa ni hasara kwa mzalishaji mdogo. Nimevipima nyumbani kwa mizani ya jikoni: viazi 200 vya mbegu, vya gramu 60 kila kimoja, ni kilo 12, navyo havijazi debe.

Wako,
Fundi sanifu wa maabara mstaafu na mkulima wa viazi,
Njombe